Dadu mkononi mwa mhojiwa: namna ya kuuliza swali zito bila kuchukua siri ya mtu

Mtu akibisha mlango Kayole au Kawangware, mitaa ya Nairobi, akiwa na tableti, beji shingoni na maswali ya utafiti, wenyeji wanamwelewa. Wamezoea. Lakini akitoa mkobani kikombe chenye kifuniko na dadu ndani yake, akasema "tikisa, chungulia peke yako, usinionyeshe", mambo hubadilika. Wapo wanaodhani ni kamari. Wapo wanaoamini ni mtego wa serikali. Na wapo, tena watu waliosoma, wanaouliza: utafiti gani huu unaomwambia mtu aseme "ndiyo" hata kama jibu lake ni "hapana"? Si ni kukusanya uongo tu na kuuita takwimu?

Hapana. Mbinu hiyo ina zaidi ya nusu karne. Ilielezwa mwaka wa 1965 na mtakwimu Stanley Warner katika jarida la chama cha takwimu cha Marekani, na wengine wameirekebisha mara nyingi tangu hapo. Msingi wake ni huu: mtafiti anataka kujua ni wangapi, hana haja ya kujua ni nani. Sasa ikiwa hana haja ya kujua ni nani, kwa nini achukue siri ya kila mtu, aende nayo ofisini, kisha aanze kuhangaika jinsi ya kuifungia?

Kabla ya kuendelea, maneno manne yatenganishwe, maana ndiyo yanayochanganywa kila siku. Swali nyeti ni lile ambalo jibu lake la kweli linaweza kumgharimu mtu kazi, ndoa, heshima mtaani au kumfikisha kortini. Usiri ni ahadi: najua ulichosema, na sitamwambia mtu. Kutotambulika ni kuondolewa jina: karatasi ina majibu lakini haina mwenyewe. Nafasi ya kukana ni kitu tofauti kabisa: hata karatasi ikiwa na jina lako na nambari yako ya kitambulisho, jibu lililoandikwa pale halithibitishi lolote juu yako. Dadu linakupa hii ya nne. Usiri na kutotambulika vinamtegemea binadamu fulani atimize neno lake.

Swali nyeti halimfanyi mtu afiche tu. Mara nyingine linamfanya aongeze. Uliza watu kama walipiga kura, na wanaosema walipiga watazidi kura zilizohesabiwa, kwa kuwa kupiga kura kunamjengea mtu sifa. Uliza kama mtu hupima virusi, kama hupeleka watoto kliniki, utaona vivyo hivyo. Kwa upande wa kuficha, orodha yote unaijua: kutoa mimba, chang'aa, kukwepa ushuru, kupiga mke, kutoa kitu kidogo ili faili isonge. Hapa tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: "Katika uchaguzi uliopita, ulipokea pesa au zawadi kutoka kwa mgombea au mtu wake?" Kila mtu mtaani anajua pakiti za unga, leso na noti za mia mbili zinavyopita kampeni zikikaribia. Lakini kupokea nako ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na anayeulizwa hajui kama aliye mbele yake ni mtafiti, askari au ajenti wa mgombea yuleyule.

Kuondoa jina hakutoshi

Hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi, hata na watu wanaoendesha tafiti. "Hatuandiki jina, kwa hiyo usiwe na wasiwasi." Hebu tazama kinachoandikwa badala ya jina: wadi, jinsia, umri, kazi, idadi ya watoto, miaka uliyokaa hapo. Mwanamke wa miaka 47, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwenye watoto watano, mkaazi wa wadi fulani. Yuko mmoja. Jirani yeyote akilipata faili hilo atamtambua kabla hajamaliza kusoma mstari. Mtafiti wa Marekani Latanya Sweeney alikadiria, akitumia takwimu za sensa ya nchi hiyo ya 1990, kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Hakuna jina hapo.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaisimamia. Habari za afya, kabila, imani na mwelekeo wa kimapenzi zimewekwa kwenye kundi la data nyeti linalohitaji uangalifu zaidi. Ni sheria nzuri, na ni vyema ipo. Ila sheria huja baada ya jambo: inamwadhibu aliyevujisha. Kompyuta ikiibwa kwenye matatu, au mfanyakazi aliyefutwa akiondoka na flashi mfukoni, siri imeshatoka. Ambayo haikuchukuliwa haina pa kutokea.

Dadu linavyofanya kazi

Chukua mtindo unaotumika sana, wa jibu la kulazimishwa. Mhojaji anampa mhojiwa kikombe kisichopitisha mwanga, kina dadu la kawaida la nyuso sita. Sharti linasomwa polepole, kisha linarudiwa: ukiona 1, sema "ndiyo", bila kujali ukweli wako. Ukiona 6, sema "hapana", bila kujali ukweli wako. Ukiona 2, 3, 4 au 5, jibu swali kwa ukweli. Mhojiwa anatikisa, anainua kifuniko upande wake, anaangalia, anafunika, anatikisa tena ili kufuta ushahidi, kisha anajibu. Mhojaji anaandika neno moja. Basi. Watafiti waliochunguza uhusiano wa raia na makundi yenye silaha katika eneo la mafuta la Nigeria walitumia dadu la namna hiihii, na hilo ni swali ambalo jibu lake lingeweza kumuua mtu.

Ukweli unatoka wapi basi, ikiwa majibu yamechanganywa? Unatoka mahali pale ambapo muuzaji wa viazi Marikiti anapata uzito halisi. Anapima gunia na viazi pamoja, na kwa kuwa anajua gunia tupu lina uzito gani, anaondoa. Dadu ni gunia. Hatujui limemwangukia nani, lakini tunajua uzito wake kwa jumla.

Tufanye hesabu. Watu 1,200 wametikisa, na 440 wamesema "ndiyo". Dadu lina nyuso sita zenye nafasi sawa, kwa hiyo takriban watu 200 walipata 1 wakalazimika kusema "ndiyo", na wengine takriban 200 walipata 6 wakasema "hapana". Waliobaki, kama 800, walijibu kweli. Toa zile "ndiyo" 200 za kulazimishwa kutoka kwa 440, zinabaki 240. Gawanya 240 kwa 800: ni asilimia 30. Tumekadiria kwamba watu watatu katika kila kumi walipokea kitu, na hatujui hata mmoja wao ni nani.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo utazame upande wa mtu mmoja, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa kwamba ulinzi ni kamili. Kama kweli ni asilimia 30, basi kati ya watu 1,200, waliopokea ni 360. Kati yao, 300 watasema "ndiyo" na 60 waliopata 6 watasema "hapana". Kati ya 840 ambao hawakupokea, 140 watasema "ndiyo" kwa sababu ya dadu. Kwa hiyo ukimkuta mtu kwenye faili aliyeandikiwa "ndiyo", uwezekano kwamba alipokea kweli ni 300 kwa 440, yaani kama asilimia 68. Kabla ya utafiti ungemkadiria kwa asilimia 30. Umejifunza kitu juu yake, lakini hujathibitisha. Hakuna korti itakayomfunga, wala mume wa maana atakayevunja ndoa, kwa ushahidi wa namna hiyo. Ila pazia si ukuta, na mhojiwa aambiwe hivyo.

Unene wa pazia unaweza kuchaguliwa. Aliyepokea ana nafasi 5 kati ya 6 za kusema "ndiyo", ambaye hakupokea ana 1 kati ya 6. Uwiano ni 5 kwa 1. Ukitaka pazia zito zaidi, tumia sarafu mbili. Shilingi kumi ya toleo jipya ina simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Rusha ya kwanza: ukipata simba, jibu kweli. Ukipata nembo, rusha ya pili na uiache ijibu badala yako, simba "ndiyo", nembo "hapana". Hapo aliyepokea ana nafasi 3 kati ya 4 za kusema "ndiyo", na ambaye hakupokea ana 1 kati ya 4. Uwiano umeshuka hadi 3 kwa 1. Ulinzi umepanda, na kama utakavyoona, bei nayo imepanda.

Kuna kosa moja la sarafu ambalo huua utafiti mzima. Mtindo wa awali wa Warner hauna jibu la kulazimishwa. Kifaa cha bahati kinachagua mhojiwa ajibu sentensi ipi kati ya mbili zinazopingana: "Nilipokea pesa" au "Sikupokea pesa". Mhojiwa anasema "kweli" au "si kweli", na mhojaji hajui ni kwa sentensi ipi. Ni wazo safi. Lakini ukitumia sarafu kuchagua, kila sentensi ikiwa na nusu kwa nusu, "kweli" zitakuwa asilimia 50 daima, iwe waliopokea ni wachache au ni mji mzima. Umelinda siri hadi umejificha na wewe. Kifaa lazima kielemee upande mmoja, kwa mfano dadu: 1 hadi 4 sentensi ya kwanza, 5 na 6 sentensi ya pili.

Bei yake

Hakuna ulinzi wa bure. Ukiuliza watu 1,200 moja kwa moja, na wote wakasema kweli, kadirio la asilimia 30 lingekuwa na kosa la sampuli, yaani kukosea kunakotokana na bahati ya waliochaguliwa tu, la kama pointi 2.6 za asilimia kila upande. Kwa dadu letu, kosa hilo ni kama pointi 4.1. Ili dadu likupe uhakika uleule unahitaji karibu watu 3,000, yaani mara mbili na nusu. Wahojaji zaidi, nauli zaidi, siku zaidi. Mfadhili anayelipia watu 1,200 na kutaka dadu bila kuongeza bajeti anapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Je, gharama hiyo ina maana? Inategemea uongo ulioko. Tuseme swali la moja kwa moja linaleta asilimia 18, na kosa la sampuli la pointi 2.2 tu. Inaonekana safi kwenye jedwali. Lakini kama ukweli ni 30, umepata uhakika mkubwa wa jambo lisilo kweli, na kuongeza sampuli hakutakuponya: watu 10,000 wanaoficha watakupa 18 ileile, ikiwa imenyooka zaidi. Kwa swali ambalo watu hawafichi, dadu ni hasara tupu. Hakuna haja ya kumtikisisha mtu kikombe ili akuambie kama ana choo cha maji.

Mambo yanavyoharibika

Tatizo kubwa ni mtu anayepata 1 na kukataa kusema "ndiyo". Hajafanya lolote baya, na neno hilo linamkwama kooni. Katika mazingira yetu, ambapo mtu hufunzwa kwamba kukiri ni kukiri, hili si ajabu hata kidogo. Likitokea kwa wingi, hesabu inavunjika waziwazi. Kati ya watu 1,200 tunategemea "ndiyo" zisizopungua 200 hivi hata kama hakuna aliyepokea. Zikija 150, hesabu inasema waliopokea ni asilimia hasi 6.25. Hakuna idadi ya watu iliyo chini ya sufuri. Jibu kama hilo lisitupwe wala lisigeuzwe kimyakimya kuwa sufuri kwenye ripoti. Ni kengele inayosema watu hawakufuata sharti. Na pale ambapo watu wengine walipokea kweli, kukataa kwa wachache hakutaonekana. Kutashusha kadirio tu, bila kelele. Njia moja ya kukamata hili ni kugawa sampuli nusu mbili na kuzipa masharti tofauti: kundi moja linalazimishwa "ndiyo" kwa 1 pekee, jingine kwa 1 na 2. Kama watu wote wanatii, makadirio mawili yatakaribiana. Yakiachana mbali, kuna wanaokaidi.

Dawa ni mazoezi kabla ya swali lenyewe. Muulize mhojiwa swali lisilo na uzito, "Je, ulikunywa chai asubuhi?", mbele ya dadu lililofunguliwa. Mwonyeshe 1, mwulize angesema nini. Mwonyeshe 6. Mwonyeshe 3. Akikosea, rudia. Mara tatu au nne zinatosha kwa wengi, na ni dakika chache tu. Mhojaji anayeruka hatua hii kwa sababu analipwa kwa idadi ya fomu atakuletea takataka zilizopangwa vizuri.

Kisha yapo madogo yanayoumiza. Dadu linaloanguka sakafuni na kubingirika hadi miguuni pa mhojaji: siri imeonekana, swali hilo lirudiwe kwa mtikiso mpya. Kikombe cha plastiki chepesi kinachopitisha mwanga. Dadu la bei rahisi lililochongwa vibaya likapendelea uso mmoja. Lirushe mara 300 kabla ya kazi, na kila uso ukitokea mara 50 hivi, kumi zaidi au kumi pungufu, endelea. Tafsiri nayo. "Jibu kweli" inaweza kusikika kama "sema 'kweli'". Wahojaji wa Eastlands wanaoeleza sharti kwa Sheng papo hapo, kila mmoja kwa maneno yake, wanakuwa wameendesha tafiti kumi tofauti. Andika maelezo mara moja, yajaribu kwa watu wa mtaa wenyewe, kisha yasomwe jinsi yalivyo.

La mwisho katika haya halisemwi vya kutosha. Dadu linakulinda dhidi ya mhojaji na faili lake. Halikulindi dhidi ya sikio la jirani. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi Mathare, ukuta ni mabati, na aliye upande wa pili anasikia "Ulipokea pesa?" na anasikia "ndiyo". Dadu yeye hakuliona. Ndiyo maana mhojaji mzuri hutumia kadi: swali limeandikwa kwa nambari, na mhojiwa anataja rangi au herufi badala ya "ndiyo". Tafiti zinazouliza wanawake juu ya dhuluma nyumbani huchagua mwanamke mmoja tu kwa kila nyumba kwa sababu hiyohiyo, na mhojaji hufunzwa kugeuza mazungumzo mara tu mtu anapoingia. Kifaa cha takwimu hakibadilishi hitaji la mlango uliofungwa.

Mizani ya kliniki: mbinu ya orodha

Wapo watakaolikataa dadu hata ufanyeje, kwa sababu za dini pengine, kwa kuwa linafanana na kamari. Kwao kuna mbinu ya orodha. Mama yeyote aliyewahi kupima mtoto asiyetulia anaijua: unapanda mizani na mtoto, unasoma, unapanda peke yako, unasoma, tofauti ni uzito wa mtoto, ingawa mtoto mwenyewe hakuwahi kuwekwa kwenye mizani.

Gawa watu makundi mawili kwa bahati. Kundi la kwanza lisomewe mambo manne na kuulizwa ni mangapi wamefanya, bila kutaja ni yapi: nilisikiliza mdahalo wa siasa redioni, nilihudhuria mkutano wa hadhara, nilisafiri kutoka Nairobi kwenda nyumbani kupiga kura, niligombea kiti. Kundi la pili lisomewe yaleyale manne pamoja na la tano: nilipokea pesa au zawadi ya mgombea. Kila mtu anataja idadi tu. Ikiwa wastani wa kundi la kwanza ni 1.60 na wa pili ni 1.85, tofauti ya 0.25 inamaanisha asilimia 25 walipokea.

Ugumu uko katika kuchagua yale manne. Mtu akiwa amefanya yote na pia akapokea, atalazimika kusema "tano", na hapo amejianika. Kwa hiyo lazima kuwe na jambo ambalo karibu hakuna aliyelifanya, ndiyo maana "niligombea kiti" iko pale. Yakiwa yote ni ya nadra, anayepokea atasema "moja" na kila mtu ataelewa ni lipi. Yasiwe ya kuchekesha wala mbali na siasa, la sivyo la tano litasimama kama kidole kilichovimba. Na bei yake ni kali kuliko ya dadu. Ukiwa na watu 600 kila kundi, na majibu yanatofautiana kwa kiasi cha kawaida cha kama jambo moja juu au chini ya wastani, ile asilimia 25 inakuja na kosa la kama pointi 11 kila upande. Ukweli unaweza kuwa 14, unaweza kuwa 36. Gazeti litakaloandika "robo ya wakaazi" kwa msingi huo litakuwa limeandika zaidi ya linalojulikana.

Kwenye simu, ambako tafiti nyingi za Nairobi zimehamia, hakuna kikombe. Wengine huomba mhojiwa afikirie nambari ya simu ya rafiki na kushika tarakimu ya mwisho: 0 au 1 useme "ndiyo", 8 au 9 useme "hapana", mengine jibu kweli. Inawezekana, mradi tarakimu ichaguliwe kabla ya sharti kusomwa. Anayesikia sharti kwanza atajitafutia rafiki mwenye tarakimu inayomfaa. Mtindo mwingine unasoma sentensi mbili, moja isiyo na madhara, kama "mama yangu alizaliwa kati ya Januari na Machi", na ile nyeti, kisha mhojiwa anasema tu kama majibu ya zote mbili yanafanana au yanatofautiana. Unapendeza kwa kuwa hakuna jibu linaloonekana la kukiri. Kwetu una mitego miwili. Wazee wengi hawakusajiliwa walipozaliwa, na tarehe waliyoandikiwa baadaye mara nyingi ni 1 Januari. Robo uliyoitegemea haiko tena. Na asiyeelewa akijibu ovyo, nusu kwa nusu, hesabu inamchukua kana kwamba ana uwezekano wa nusu wa kuwa na hatia, kwa hiyo kadirio la jambo la nadra linapaa bila sababu. Ukiona mbinu hii imeleta idadi kubwa kuliko nyingine zote, usikimbilie kusema imefichua ukweli zaidi.

Je, mbinu hizi huwafanya watu waseme kweli? Kipimo kizuri ni pale ukweli unapojulikana kutoka kwingine. Huko Mississippi, Marekani, watu waliulizwa walivyopiga kura katika kura ya maamuzi ya 2011 kuhusu utoaji mimba, na majibu yakalinganishwa na kura zilizohesabiwa. Kuuliza moja kwa moja kulikosea kwa kiasi kikubwa, orodha ilipunguza kosa, na jibu la bahati nasibu, mbinu ya aina ya dadu letu, lilikaribia zaidi. Kwingineko zimeshindwa, hasa watu walipoachwa bila maelezo ya kutosha. Dadu linafungua nafasi ya kusema kweli. Kuitumia nafasi hiyo ni juu ya mhojiwa, na imani hainunuliwi kwa kikombe.

Wazo hili limevuka milango ya mitaa. Mwaka wa 2006 mwanasayansi wa kompyuta Cynthia Dwork na wenzake watatu walilipa kipimo rasmi kinachotaja ni kiasi gani cha mwisho jibu la mtu mmoja linaweza kumfichua. Ule uwiano wetu wa 5 kwa 1 au 3 kwa 1 ndio hasa unaopimwa hapo. Kuanzia 2014 Google ilieleza jinsi kivinjari cha Chrome kinavyoweza kurusha sarafu ya namna hiyo ndani ya kompyuta yako kabla ya kutuma taarifa, na sensa ya Marekani ya 2020 ilichanganya idadi zake kwa makusudi kabla ya kuzichapisha.

Siku mhojaji mwenye kikombe atakapokaa kwenye stuli sebuleni mwako, una haki ya kumwuliza kibali cha utafiti, kuuliza data itakaa wapi na kwa muda gani, na kujaribu dadu mara kadhaa kabla ya kukubali. Omba pia uone fomu kwenye tableti. Panapaswa kuwa na nafasi ya "ndiyo" au "hapana" tu. Ukiona kisanduku cha kuandika nambari iliyotoka kwenye dadu, mrudishie kikombe chake: mwenye jibu na nambari ana siri yako yote.